Kabla Shamba Halijauzwa: Binti Daktari na Mizani ya Ukweli

 

Juma lililopita mama mmoja alimtuma mwanawe mdogo atuletee karatasi baada ya sala ya Alasiri. Binti yake mkubwa amemaliza miaka sita ya udaktari katika chuo kikuu cha hapa nchini, na baada yake mwaka mzima wa intanshipu hospitalini. Sasa ataka kwenda Marekani kusomea ubingwa wa maradhi ya ngozi. Ami zake wamekata shauri kwamba shamba la minazi aliloliacha marehemu babu yao liuzwe ili apate nauli na ada za mitihani, kwa hoja moja tu: binti huyu tangu chuoni kwa mwalimu hata sekondari hajawahi kuwa wa pili. Mama huyo aliandika hivi: "Sheikh, mimi sikusoma. Naogopa kumvunja moyo mwanangu, na naogopa kunyamaza shamba likauzwa kwa jambo nisilolijua. Nimpime kwa kipimo gani?"

Swali hili limetugusa kuliko mama huyo anavyodhani, kwa kuwa tuliwahi kuulizwa mfano wake na hatukulijibu vyema. Miaka kadhaa iliyopita baba mmoja wa mtaani kwetu alitujia na mwanawe wa kiume, daktari kijana, aliyekuwa akiomba nafasi kama hiyo huko huko Marekani. Tulimwombea dua, tukamwambia baba yake asiwe na wasiwasi, kijana mwenye akili kama hizo hakosi. Hatukuuliza swali hata moja. Kijana aliomba fani ngumu peke yake, mwaka wa kwanza akakosa, mwaka wa pili akakosa. Baada ya hapo hatukumwona msikitini kwa muda mrefu, kwa sababu kila aliyetoka nje ya mlango alimuuliza, "Bado hujaenda?" Dua yetu ilikuwa ya kweli, lakini nasaha yetu ilikuwa pungufu. Kwa hiyo safari hii tumekaa na madaktari wanaoijua njia hii, tumesoma takwimu zinazotolewa kila mwaka, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Daktari aliyemaliza chuo, akitaka kuwa bingwa Marekani, hana budi kuingia mafunzo ya hospitali yaitwayo residensi. Huko hufanya kazi na kulipwa mshahara huku akifundishwa. Mafunzo ya maradhi ya ndani ya mwili, ya watoto au ya udaktari wa familia huchukua miaka mitatu. Upasuaji wa jumla miaka mitano. Upasuaji wa ubongo miaka saba. Aliyesoma nje ya Marekani hutakiwa kwanza athibitishwe na shirika la ECFMG, na kuthibitishwa huko kwahitaji kufaulu hatua mbili za mtihani wa leseni uitwao USMLE. Kila hatua hugharimu karibu dola elfu moja, na ada ikishaliwa hairudi kwa kuwa mtu ameshindwa.

Maombi hupelekwa mwezi wa Septemba. Mahojiano huwa baina ya Oktoba na Januari au zaidi kidogo, na tangu janga la korona mengi hufanywa kwa video, jambo ambalo limewapunguzia wageni gharama za safari. Mwanzoni mwa Machi kila daktari hupeleka orodha ya hospitali alizohojiwa, akizipanga kwa mapenzi yake, na kila hospitali nayo hupeleka orodha ya madaktari. Shirika liitwalo NRMP, lililoanza kazi hiyo mwaka 1952, huzioanisha orodha hizo kwa kompyuta. Jumatatu ya juma la tatu la Machi daktari huambiwa amepata au hakupata, na Ijumaa huambiwa ni wapi.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kosa kubwa la ami zake binti, na ndilo lililokuwa letu, ni kumpima mtu kwa watu wa jana. Kuwa wa kwanza chuoni na shuleni ni neema ya kushukuriwa, lakini wote wanaosimama kwenye mlango ule walikuwa wa kwanza kwao. Wa kwanza wa Mombasa husimama pamoja na wa kwanza wa Lahore, wa kwanza wa Kairo na wa kwanza wa Lagos. Hivyo yatupasa tumpime binti kwa walio mfano wake, wala si kwa majirani, wala si kwa kila anayeomba.

Tutoe mfano. Mwaka 2024 nafasi zilizotolewa Marekani nzima zilipita 41,000. Katika wanafunzi waliokuwa wakimaliza vyuo vya huko vya shahada ya M.D., asilimia 93.5 walipata nafasi. Mzazi akiisoma hesabu hiyo hulala usingizi mnono. Lakini binti yetu hayumo katika kundi hilo. Madaktari waliosoma nje na wasio raia wa Marekani waliopata mwaka huo ni asilimia 58.5. Maana yake, katika kila kumi, sita hivi walipata na wanne walikosa, na wote walikuwa na shahada zao mkononi.

Na hata hesabu hiyo yataka jicho la pili. Asilimia hizo huhesabiwa juu ya wale waliopeleka orodha mwezi wa Machi. Mwaka huo waliojiandikisha walipita 50,000, ilhali waliofika hatua ya kupeleka orodha hawakufika 45,000. Miongoni mwa waliobaki njiani wamo wasioitwa kwenye mahojiano hata mahali pamoja, na hao hawaonekani ndani ya asilimia. Basi mtu akikuletea hesabu, mama yetu, muulize: waliohesabiwa ni nani, na walioachwa nje ni nani?

Kipimo cha pili ni fani yenyewe. Maradhi ya ndani ya mwili yalikuwa na nafasi zaidi ya 10,000 mwaka huo, udaktari wa familia zaidi ya 5,000, na maradhi ya watoto zaidi ya 3,000, na za watoto hazikujaa zote. Maradhi ya ngozi yana nafasi takriban 500 tu kwa nchi nzima, na yanagombewa na wanafunzi bora wa Marekani wenyewe, wengi wao wakiwa wamefanya utafiti wa fani hiyo kwa miaka. Wageni wanaoingia humo huwa wachache mno. Hatusemi haiwezekani, kwani riziki haina mwenyewe. Twasema kwamba daktari yule yule, kwa alama zile zile, aweza kuwa na nguvu katika fani moja na kuwa dhaifu katika fani nyingine. Hivyo swali la "Je, mwanangu ni hodari?" halitoshi. Swali ni "Hodari kwa fani ipi, na kwa hospitali zipi?"

Kipimo cha tatu ni yale yanayotiwa mizanini. Hatua ya kwanza ya mtihani, tangu Januari 2022, haitoi tena alama bali hutoa kufaulu au kushindwa. Kwa hiyo uzito umehamia kwenye alama za hatua ya pili, na alama hizo ni bora ziwepo mkononi kabla ya Septemba. Aliyeanguka mtihani kisha akarudia akafaulu amefaulu, lakini kuanguka kule hubaki katika karatasi yake, na hospitali nyingine hazimwangalii tena. Ndiyo sababu kuufanya mtihani kwa pupa ili tu kuwahi mwaka ni hasara. Hutazamwa pia miaka iliyopita tangu amalize chuo, kwa kuwa hospitali nyingi hupendelea aliyemaliza karibuni. Zatazamwa barua za mapendekezo, hasa za madaktari wa Marekani waliomwona akihudumia wagonjwa, na hutazamwa sababu yake ya kuitaka fani ile. Mwisho hutazamwa viza, kwani si kila hospitali humdhamini mgeni.

Mama asiyesoma aweza kuyauliza yote haya. Hayahitaji Kiingereza. Yatosha kumketisha binti barazani jioni, chai ikiwa mezani, na kumuuliza kwa upole: Mwanangu, alama za hatua ya pili umezipata? Wenye alama kama zako, waliotoka nje kama wewe, katika fani hii, walipata wangapi? Hospitali ulizoziandika, wanafunzi wake wa sasa wamesoma wapi? Hili la mwisho ni rahisi kulijua, kwani hospitali nyingi huweka majina ya wanafunzi wao na vyuo walivyotoka katika tovuti zao. Akiona miaka mitatu mfululizo hakuna hata mmoja aliyesoma nje, hiyo ni habari tosha. Akiona wako wengi, pana mlango. Kisha amtafute aliyepita njia hii karibuni, kwani mambo hubadilika upesi, na amtafute pia aliyekosa. Aliyepata hukueleza alivyopita, lakini aliyekosa ndiye ajuaye jiwe lilipo.

Hiyo ndiyo istishara, kutaka shauri kwa wajuao. Vijana wengi hutujia wakasema, "Sheikh, nimeswali istikhara, moyo umetulia." Twawaambia istikhara ni jambo kubwa, lakini haikuja ili mtu aache kuuliza. Anayemwomba Mola amchagulie lililo la heri ilhali amekataa kutazama lililo mbele ya macho yake, huyo hajatimiza wajibu wake.

Baada ya maombi kupelekwa huja kipimo kilicho wazi kuliko vyote, nacho ni idadi ya mialiko ya mahojiano. Kabla ya hapo mtu hukisia tu. Takwimu za NRMP zaonyesha kwamba kadiri orodha ya hospitali za fani moja inavyorefuka, ndivyo uwezekano wa kupata unavyokua. Ikiwa Desemba inakwisha na binti ana mwaliko mmoja au hana, nyumba nzima yapaswa kujua, si ili aaibishwe, bali ili ajitayarishe kwa njia nyingine mapema.

Na hapa kuna jambo lililotufurahisha sana. Mwaka 1962 wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala juu ya uandikishaji wa vyuoni na uthabiti wa ndoa. Njia inayotumiwa kuwaoanisha madaktari inafuata msingi huo, na mwaka 2012 Shapley, pamoja na Alvin Roth aliyeirekebisha njia hiyo kwa ajili ya madaktari, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Mfano wake ni kama posa. Kompyuta humpeleka daktari kuposa kwanza pale anapopapenda zaidi. Hospitali humshikilia kwa muda ikiwa ina nafasi, na ikimpata bora kuliko yeye humwachia. Akiachiwa huenda kwa wa pili katika orodha yake, na hapo huhesabiwa sawa na waliotangulia. Hapotezi kitu kwa kuwa alianza kwingine. Kwa hiyo asiyeorodhesha kwa moyo wake, akaanza na hospitali asiyoipenda kwa kuogopa kukosa, hajidhuru ila nafsi yake. Katika mfumo huo hila haimfai daktari, na mkweli hana cha kupoteza. Hospitali nazo zimekatazwa kumtaka aseme amewaweka wa ngapi. Lakini ajue kwamba orodha hiyo ni ahadi: atakapopangiwa, amefungwa napo. Basi asiandike mahali ambapo hawezi kwenda, na mwenye mume asiandike kabla hawajaelewana. Mume na mke wakiwa wote madaktari waombaji, waweza kuziunganisha orodha zao ili wasitengane.

Tumetahadharisha juu ya ghururi, sasa tutahadharishe juu ya kinyume chake. Madaktari tuliozungumza nao walitwambia kwamba wasichana wetu wengi hujipunja. Mwenye alama nzuri husema, "Mimi wa wapi kuomba huko," akajifungia mlango ambao haujafungwa. Huko si kunyenyekea. Mizani ya ukweli huonyesha pungufu, na huonyesha ziada vile vile. Mama anayemwambia bintiye, "Hesabu zasema unaweza, basi nyanyuka," amefanya haki sawa na yule anayesema, "Hesabu zasema bado, ngoja mwaka."

Sasa tulijibu lile la shamba, kwani ndilo lililomnyima mama usingizi.

Kwanza, shamba hilo ni la marehemu babu. Je, mirathi imegawanywa? Ami wamesema liuzwe, mashangazi wameulizwa? Fungu la mwanamke katika urithi ni haki yake kamili, wala halitolewi sadaka na kaka zake kwa niaba yake, hata kwa jambo jema kama elimu. Ikiwa kila mrithi amejua fungu lake kisha akampa binti kwa ridhaa, Mola amlipe kheri. Lakini likiuzwa kwa kauli ya wawili watatu na wengine wakanyamaza kwa haya, binti ataondoka na deni ambalo residensi haiwezi kulilipa.

Pili, pesa zote hazihitajiki siku moja. Hatua moja ya mtihani itampima kwa karibu dola elfu moja, na hizo zaweza kupatikana bila kuuza mnazi hata mmoja, maana binti ni daktari na aweza kufanya kazi huku akisoma. Akifaulu vizuri, nyumba ikae tena ipime. Alama zisipotosha kwa ngozi, aulizwe kama moyo wake waweza kuridhia fani nyingine, ama ni bora abaki. Wekeni mpaka mapema: tutajaribu miaka mingapi, na kwa kiasi gani. Na yeyote atakayekuja kuahidi nafasi ya uhakika kwa malipo, mwogopeni. Nafasi hizo haziuzwi.

Tatu, usiache mbachao kwa msala upitao. Ubingwa hupatikana hapa nchini pia, katika vyuo vikuu vya Nairobi, Moi na Aga Khan, na kwa upasuaji kuna chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika ya mashariki, kati na kusini. Mabingwa waliotutibu sisi na wazee wetu wengi wao walisomea hapa hapa. Anayeiona njia hii kuwa ya walioshindwa hajui thamani ya daktari bingwa wa kike katika hospitali zetu za pwani, ambako wako akina mama wanaorudi nyumbani na maradhi yao kwa kuona haya.

Nne, huenda mama yaogopa kwamba akienda harudi. Wageni wengi huingia residensi kwa viza ya J-1. Viza hiyo huhitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi ya daktari kueleza kwamba nchi yamhitaji, na baada ya mafunzo humtaka arudi kwao miaka miwili, isipokuwa apewe msamaha. Mambo haya yajulikane na yazungumzwe sasa, kabla ya safari, wala yasije yakawa ugomvi wa simu usiku wa manane.

Na ikija ile Jumatatu ya Machi, na jibu likawa hakupata? Juma lile lile kuna utaratibu wa nafasi zilizobaki, na siku hizo binti atahitaji utulivu wa nyumba kuliko wakati wowote. Simu zizuiwe. Wageni waambiwe ana shughuli. Asiulizwe shamba. Ami mmoja tu akitamka neno la pesa siku hiyo, litakaa moyoni mwake miaka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Yule kijana wetu wa kwanza leo ni daktari katika hospitali moja ya serikali hapa pwani, na wagonjwa wake wampenda. Tulimwendea kabla ya kuandika haya, tukamtaka radhi kwa nasaha ile tuliyompa baba yake. Alitucheka kidogo, kisha akanyamaza. Akasema, "Sheikh, miaka ile miwili watu wote waliniombea, na niliwashukuru. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeitwa mahojiano mangapi. Mwaka wa kwanza niliitwa mahali pamoja. Mwaka wa pili sikuitwa popote, na nikawaacha mnangoje hadi Machi."

Basi mama yetu, muulize. Muulize mapema, kwa upole, na ulipokee jibu lolote atakalokupa bila kubadilisha uso. Kisha inueni mikono, wewe na yeye, mumwombe Mola amchagulie lililo na heri naye popote lilipo, na amridhishe nalo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.